Yule mhasibu mmemlea wenyewe! Kafutia chachandu salari slipu yangu

Wakuu, naandika hapa natetemeka. Nimesimama kituoni, daladala mbili zimenipita, sizioni.

Mnamjua, simtaji. Yule wa miwani ya kamba, anayelipa hela ya mtu kama anang'olewa jino. Nimemwendea na adabu zangu zote: shikamoo mzee, samahani, nina swali dogo. PAYE yangu, ile kodi ya mshahara, ni 152,000 kila mwezi. Nina mkopo wa benki, milioni 10 kwa miezi 48, riba tupu inapita milioni 3.8. Hiyo riba haitolewi kwenye mshahara kwanza ndipo kodi ipigwe? Maana ile 120,000 ya pensheni ya NSSF inatangulia kutoka. Riba ina kosa gani?

Alikuwa anakula muhogo wa kukaanga. Kaichukua slipu niliyoipigia hesabu pembeni kwa kalamu usiku kucha, AKAFUTIA CHACHANDU. Vidole vyote vitano, kimoja kimoja. Kisha akapaza sauti hadi getini: "Njooni mumsikie huyu, anataka serikali imlipie sofa!"

Sofa! Mimi nimekopa niezeke! Nina kuta nne na anga! Kacheka mpaka kunguru wakahama mwembe. "Hapana" ingempunguzia nini? Kafutia chachandu, jamani.

Bwana Kauzu: Chachandu ya embe au ya ukwaju? Tuanzie hapo.

Mzee wa Risiti: Dada, pole, ila sheria iko upande wake. Sheria yetu Tanzania ya Kodi ya Mapato ya 2004 inakubali riba ya mkopo ulioingia kwenye biashara au uwekezaji unaokuzalishia kipato. Mshahara haumo. Mfuko wa pensheni umetajwa kwenye sheria, bati lako halijatajwa.

Mwenye uzi: Nimebisha sheria wapi? Nawaambia kidole kwa kidole, mbele ya watu, kwenye karatasi yangu!

Kijana wa Mwea: Huku kwetu Kenya riba ya mkopo wa nyumba unayoishi mwenyewe inaondolewa kabla ya kodi, hadi 360,000 kwa mwaka. Zamani ilikuwa 300,000, ikapandishwa Desemba 2024, na wanaojenga wakaingizwa.

Bwana Kauzu: Na ile tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara mnayokatwa kila mwezi, umeiruka makusudi?

Kijana wa Mwea: Hiyo usiniguse.

Mama Duka: Afadhali nyie wa mshahara. Mimi nafanya biashara na mkopo ni wa biashara, ila sisi wadogo tunakadiriwa kwa mauzo. Nimepata hasara, nimelipa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, kodi iko palepale. Riba yangu hakuna anayeiuliza.

Graduate Mtaani: Bodi ya Mikopo ya wanafunzi inakomba asilimia 15 ya mshahara wangu, mtu analia bati?

Mwenye uzi: Hakuna hata mmoja aliyefutiwa mikono na karatasi yake!

Mzee wa Risiti: Graduate, ulisaini mwenyewe, lipa wadogo zako wasome.

Graduate Mtaani: Wewe ulisoma bure, kaa kimya.

Bwana Kauzu: Huo muhogo ni wa yule mama wa getini? Kipande kimefika 500 na kimekuwa cha kidole. Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi.

Mama Duka: Mafuta yamepanda, unataka akaange kwa maji?