Gulu imejengwa upya, Acholi bado ni maskini: hesabu ilipotea wapi?

MwanaMipango, Dodoma

Ndugu zangu, ninaandika tasnifu ya uzamili ya mipango miji, na nimekwama mahali ambapo sikutarajia kukwama. Nilichagua Gulu, kaskazini mwa Uganda, nikidhani ni mfano mwepesi wa mji uliosimama tena baada ya vita. Vita vya waasi wa Lord's Resistance Army vilidumu karibu miaka 20. Mwaka 1996 serikali iliwaamuru wanavijiji wa Acholi, eneo ambalo Gulu imo, wahamie kambini, na kufikia mwaka 2005 watu wapatao milioni 1.8 walikuwa wakiishi katika kambi za kaskazini. Agosti 2006 makubaliano ya kusitisha mapigano yalitiwa saini mjini Juba, na watu wakaanza kurudi makwao kidogo kidogo.

Mwaka jana nilifika Gulu kwa basi kutoka Kampala, jua limekwisha kuzama. Nilichokiona kilinifurahisha sana: barabara za lami zenye mitaro na njia za waenda kwa miguu, taa za sola zikimulika mtaa mzima, na kina mama wakiuza chapati na mayai chini ya taa hizo hadi usiku wa manane, katika mji uleule ambao watoto kwa maelfu walikuwa wakiukimbilia kila jioni kutoka vijijini ili walale kwenye varanda na viwanja vya hospitali, wasije wakatekwa. Mji una chuo kikuu tangu mwaka 2002, na tarehe 1 Julai 2020 ulipewa hadhi ya jiji.

Kisha nikafungua takwimu za kaya za Uganda za mwaka 2019/20. Katika eneo la Acholi, takriban asilimia 68 ya watu walikuwa chini ya mstari wa umaskini, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa kama asilimia 20. Najua utafiti huo uliingiliana na kipindi cha korona, lakini korona peke yake haielezi pengo la namna hiyo. Msimamizi wangu anataka sura ya mwisho ihitimishe kwamba miundombinu ndiyo hutangulia na mengine hufuata. Gulu imepata miundombinu. Mbona hayo mengine hayakufuata? Naomba msaada wa wanaopafahamu, hasa walioishi au kufanya biashara huko.

Msafirishaji wa Malaba

Ndugu MwanaMipango, nimepita Gulu na malori tangu mwaka 2006, kwanza nikiwa utingo, kisha dereva, na sasa nina magari yangu mawili. Nitakueleza nilichokiona barabarani, kwa kuwa naamini jibu moja limo humo.

Gulu ilifufuliwa na Juba. Mkataba wa amani wa Sudan uliposainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005, upande wa kusini ulikuwa hauna karibu kitu chochote: saruji, mabati, unga, sabuni, bia, hata vitunguu vilitoka Uganda na Kenya. Njia ilikuwa moja, nayo ilipita Gulu, Pabbo, Atiak, hadi Nimule. Wakati huo kipande cha Gulu hadi mpakani kilikuwa cha vumbi, na mvua ikinyesha tulikuwa tunalala njiani siku mbili au tatu tukingoja lori lililonasa mbele litolewe kwenye tope. Mwaka 2012 Wamarekani walikamilisha lami ya kilomita 192 kutoka Nimule hadi Juba, na baadaye upande wa Uganda nao ukawekwa lami, kilomita 74 za Gulu hadi Atiak na 35 za Atiak hadi mpakani. Nyumba za wageni zikaota Gulu kama uyoga, na kodi ya chumba cha duka ikapanda hadi wenyeji wakaanza kulalamika.

Lakini tazama shehena yenyewe. Saruji ilitoka Tororo, sukari Jinja, mabati Kampala, na bidhaa za ng'ambo zilitoka bandari ya Mombasa. Gulu ilituuzia kitanda, chakula, dizeli na pancha. Niliwahi kupakia ufuta na maharage ya Acholi, ndiyo, lakini kwa kila gari moja la mazao yao nilipeleka magari mengi ya mali iliyotoka kusini mwa Uganda na ng'ambo. Fedha ilipita mjini kama sisi tulivyopita: ililala usiku mmoja, asubuhi ikaondoka.

Kisha Desemba 2013 vita vikalipuka Juba. Nilikuwa Nimule siku hizo, nikaona foleni ya watu upande wa pili wa daraja, mama amebeba cherehani kichwani na mtoto mgongoni, wafanyabiashara wa Kiganda na Wakenya wakirudi mikono mitupu. Miaka miwili baadaye, Desemba 2015, serikali ya Sudan Kusini iliacha soko liipangie thamani pauni yake, ikaporomoka kutoka kama 3 kwa dola hadi zaidi ya 18 kwa siku moja. Aliyekuwa amekopesha mzigo kwa pauni alifilisika akiwa amelala kitandani mwake. Wapo wafanyabiashara wa nafaka wa Uganda ambao madai yao kwa serikali ile yalijadiliwa bungeni Kampala kwa miaka. Gulu ikaona vyumba vya maduka vikifungwa kufuli kimoja baada ya kingine. Mji uliojengwa juu ya soko la jirani hulala usingizi wa jirani.

Dada wa Mipaka

Kaka Msafirishaji umesema kweli, ila umetazama kutoka barabarani. Naomba niwapeleke kilomita 5 ndani ya nyasi.

Kwa miaka tisa nimefanya kazi ya usuluhishi wa ardhi vijijini huko Acholi. Mimi ni mzaliwa wa Bungoma, na Kiacholi nilijifunzia kazini. Swali la mwanzisha mada linajibiwa na mambo mawili ambayo hakuna mkandarasi anayeweza kupewa zabuni yake: ng'ombe na mpaka.

Kabla ya vita, Waacholi walilima kwa maksai. Ng'ombe ndiye alikuwa plau, ndiye benki, ndiye karo ya shule na mahari. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kati ya uvamizi wa Wakaramojong, wafugaji wa upande wa mashariki, na uporaji wa askari wa pande mbalimbali, mifugo ile ilikwisha karibu yote. Jozi ya maksai humaliza ekari moja kwa siku moja au mbili, lakini familia yenye majembe ya mkono hutumia majuma, na kufikia hapo mvua za kwanza zimepita. Kwa hiyo mkulima aliyerudi kutoka kambini alirudi kwenye ardhi yenye rutuba, ardhi iliyopumzika zaidi ya miaka kumi, akawa hana nguvu ya kuilima. Ndiyo maana ufuta aliokupakilia kaka ulikuwa gari moja moja. Serikali imeanza kulipa fidia ya mifugo miaka ya karibuni tu, wakati wengi walioipoteza wamekwisha kufariki.

La pili ni mpaka. Sehemu kubwa ya ardhi ya Acholi inamilikiwa kimila, na Katiba ya Uganda ya 1995 pamoja na Sheria ya Ardhi ya 1998 zinautambua umiliki huo. Hakuna jiwe la upimaji wala hati. Mpaka ni kichuguu, mkondo wa maji, mti wa mkwaju, kaburi la babu. Aliyejua ni mzee, na wazee wengi walifia kambini. Naikumbuka kesi moja iliyotuchukua siku nzima juani. Bibi mmoja alikuwa akitafuta kichuguu alichoonyeshwa na mumewe mwaka walipooana. Alitembea mbele yetu polepole akigusa ardhi kwa fimbo, huku kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyezaliwa kambini na hajawahi kuliona shamba la baba yake, akimfuata nyuma akisema shamba ni lake. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Kichuguu kilikuwa kimebomoka na kuota miti, tukakitambua kwa udongo wake mwekundu uliojitokeza pale mtoto alipochimba kwa jembe. Aliyetoa uamuzi alikuwa Rwot Kweri, yaani mkuu wa majembe, ambaye kwa mila yao ndiye husimamia kilimo na mipaka ya mashamba ya kijiji. Mahakama ya wilaya ilikuwa na faili la kesi ileile kwa miaka minne bila kulisikiliza.

Shamba lenye mgogoro halipandwi miti, halichimbwi kisima, na halikopeshewi fedha. Zidisha hilo kwa maelfu ya familia, utaipata asilimia yako 68.

Hata kambi zenyewe zilikuwa juu ya ardhi ya watu. Pabbo ilikuwa kambi kubwa kuliko zote, ikawa na watu zaidi ya 60,000, na leo ni kituo cha biashara kando ya ile lami. Wenye ardhi walitaka mashamba yao, waliojenga vibanda na maduka walikuwa hawana pa kwenda, na kila mmoja ana haki yake. Mpangaji miji anayetaka kujifunza kazi hii kikweli aanzie Pabbo kabla ya Gulu.

Mzee wa Kyaka

Wanangu, nimewasoma kwa makini. Mimi ni mtu wa Missenyi, mkoani Kagera, na vita nilivyoviona ni vya Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipovuka Mtukula na kufika hadi mto Kagera, wakalipua daraja la Kyaka. Tulipoteza ng'ombe, tulipoteza nyumba, na magofu ya kanisa la Kyaka bado yamesimama mpaka leo kwa anayetaka kuyaona.

Binti yangu Dada wa Mipaka, nakubaliana nawe juu ya ng'ombe, kwa maana hata kwetu aliyerudi bila mfugo alichelewa kizazi kizima. Lakini naomba usiidharau barabara. Daraja letu lilipokuwa limevunjika tulivuka kwa shida, na kahawa yetu ilisubiri. Kosa naliona kwingine. Baada ya vita, biashara iliyowahi kufika kwetu ilikuwa ya magendo, kwa sababu maduka ya halali yalikuwa matupu na Taifa lilikuwa limefunga mkanda. Vijana walivuka mpaka kufuata vitambaa, sabuni na fedha za haraka. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani kwetu. Watu wetu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa kwa magendo kutoka Uganda. Nilizika ndugu zangu watatu. Kwa hiyo mnapopanga kufungua mipaka na vituo vya malori baada ya vita, hesabuni zahanati katika bajeti ileile ya barabara, wala si katika awamu ya pili.

Na jambo la fedha msilipite. Uganda ilikuwa na mpango maalumu wa amani na maendeleo ya kaskazini, uliozinduliwa mwaka 2007. Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alibaini kwamba mamilioni ya fedha za wafadhili yaliyopitia Ofisi ya Waziri Mkuu yalikuwa yameibwa, na nchi kadhaa za Ulaya zikasitisha misaada. Ng'ombe wangapi wangenunuliwa kwa fedha zile?

MwanaMipango, Dodoma

Shikamoo Mzee, na pole sana kwa ndugu zako. Nimewaelewa, na nakiri kwamba nilipokuwa Gulu sikutoka nje ya lami hata siku moja. Nitaibadili sura ya mwisho. Nina swali moja la kazi kwa Dada wa Mipaka: kama halmashauri ingekuwa na fedha kidogo tu katika mwaka wa kwanza wa watu kurudi, ungeanza na nini?

Dada wa Mipaka

Ningeanza kabla hawajarudi. Wazee wakiwa bado hai kambini, ningewakalisha ukoo kwa ukoo, kila ukoo na kijana mmoja anayejua kusoma na kuandika, wakataja majina ya mito, vichuguu na makaburi, yakaandikwa daftarini na kusainiwa na majirani wa pande zote nne. Gharama ni madaftari, chai na nauli. Kisha, siku ya kurudi, kaya nne kwa jozi moja ya maksai na plau moja, kwa zamu, na mganga wa mifugo awe amewachanja kabla ya mvua za Machi.

Tulijaribu hilo la madaftari katika vijiji vichache, tukiwa tumechelewa. Katika kijiji kimoja tulifika Jumatatu, na mzee tuliyeelekezwa kwake alikuwa amezikwa Jumamosi.

Mzee wa Kyaka

Marahaba, mwanangu. Ukija Bukoba kwa ajili ya utafiti wako nitakupeleka Kyaka mwenyewe, na tutatoka nje ya lami.