Vifuniko vya keki vinageuka vyeupe badala ya kusinyaa: nakosea wapi?

Binti Chumbageni
Habari zenu ndugu zangu. Natengeneza hereni kwa vifuniko angavu vya makasha ya keki na saladi, ambavyo navikata umbo la korosho kama lile la kwenye kanga, navichora, kisha navitia katika oveni ili visinyae na kuwa vigumu. Juzi, kati ya vipande 20, vipande 12 vilisinyaa vizuri, lakini 8 viligeuka vyeupe kama tui na kujipinda, na viwili vikavunjika nilipojaribu kuvinyoosha. Joto lilikuwa lilelile, nyuzi 165. Tatizo ni nini?

Fundi Bangili
Dada, makasha hayo yanafanana kwa macho tu. Tazama namba iliyo ndani ya pembetatu ya mishale chini ya kasha: vilivyosinyaa bila shaka ni namba 6, yaani polistirini, na vilivyogeuka vyeupe ni namba 1, plastiki ileile ya chupa za maji. Polistirini hiyo ilivutwa pande zote kiwandani ikiwa ya moto, ikapoozwa kabla haijarudi, kwa hiyo joto la oveni likiilegeza hurudi ilikotoka. Kipande kikipungua nusu kwa urefu na nusu kwa upana, unene wake huwa mara nne. Plastiki ya kasha la namba 1 haikuvutwa hivyo, nayo ikipata joto kali hujijenga fuwele ndani, ndipo inapoota weupe na kuvunjika upesi. Namba ikiwa imefutika, kunja pembe: namba 6 hulia na kupasuka, namba 1 hukunjika kimya.

Bibi Shela
Mwanangu, toboa tundu kabla ya kutia motoni, kwa maana tundu la milimita 6 hubaki kama 3, nalo latosha kulabu. Piga msasa laini kwanza ili rangi ya penseli ishike. Kipande kitajikunja kama jani kavu, kisha kitajilaza chenyewe, na hapo ndipo wengi hukosa subira. Kikishalala, kitoe ukigandamize upesi kwa kitako cha bilauri. Mimi natumia sufuria yenye mchanga juu ya jiko la mkaa, na mwaka wa kwanza niliunguza vingi kuliko nilivyouza.

Fundi Bangili
Kwa mkaa, Bibi, tafadhali fanyia nje, maana polistirini ikizidiwa na joto hutoa mvuke wa staireni. Namba 3 isipashwe moto kabisa, kwani hutoa gesi ya asidi. Trei ya kazi hii nayo isirudi kuokea mkate.

Binti Chumbageni
Nimegeuza makasha yote: ya keki ni 6, ya saladi ni 1. Hizi namba 1 nizitupe?

Bibi Shela
Usizitupe. Kata maua kwa mkasi, pitisha kingo juu ya mshumaa bila kugusa mwali, nazo zitajikunja kama petali. Pandanisha maua matatu, tia ushanga katikati, ukaze kwa waya mwembamba.