Nimeuziwa gari la mbio la "180" na halifiki 160. Acheni kutuuzia mshale!

Wadau, nimekaa na hasira hii wiki nzima. Kama umewahi kununua gari la uwanjani hapa Kampala kwa kuonyeshwa video ya dashibodi, nisome mpaka mwisho.

Miezi miwili iliyopita nilinunua Starlet ya zamani iliyovuliwa kila kitu. Viti vya nyuma hakuna, zulia hakuna, redio hakuna, vioo vya nyuma vimebadilishwa plastiki. Nililitaka kwa siku za mbio tu. Bei yake ilipita Starlet zote nilizokuwa nimeziona, na sababu ilikuwa moja: spidi. Muuzaji mwenye gereji alinifungulia simu yake nione video fupi. Mshale wa mita ya spidi unapanda, unafika kilomita 180 kwa saa, mwisho wa namba, unakaa pale. "Ssebo (bwana), umejionea mwenyewe. Gari jepesi, ndiyo maana." Nikamwongezea milioni 3 juu ya bei niliyokuwa nimepanga.

Jumapili iliyopita asubuhi nikashika barabara ya kulipia ya Entebbe, mdogo wangu kiti cha pembeni ameshika simu yenye GPS. Kikomo pale ni 100, basi nikaupeleka mshale kwenye 100 nikaushikilia. Takisi iliyojaa abiria, mizigo juu, ikatupita bila haraka yoyote. Mdogo wangu akasema, "Kaka, hapa naona 87." Nikamwambia asubiri itulie, maana GPS ya simu huchelewa kidogo gari linapoongeza mwendo. Tukaenda dakika mbili nzima mguu umetulia. Ikabaki 87. Tukapima na kwa saa pia, kati ya alama mbili za kilomita: sekunde 41 na kidogo. Kwa mwendo wa 100 kweli, kilomita moja inaisha kwa sekunde 36.

Nilifika nyumbani sijavua hata viatu, nikaingia chini ya gari na tochi. Tairi zimeandikwa 195/45R14. Kibandiko cha mlangoni, kile cha kiwandani, kinasema 175/60R14. Rimu ni zilezile inchi 14, kwa hiyo kwa macho huoni kitu, lakini tairi lenyewe ni fupi: namba ya katikati ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, na hapa ni 45 badala ya 60. Nikachora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine sakafuni, tukalisukuma gari mpaka chaki ikarudi chini, nikavuta futi kamba. Mita 1.65. Tairi la kibandikoni lingezunguka karibu mita 1.78. Mita ya spidi haioni barabara, wadau. Kebo yake inatoka kwenye giaboksi, inahesabu mizunguko, na inaamini kwamba kila mzunguko wa gurudumu ni tairi lile la kiwandani. Ukifunga tairi fupi, gari linasogea kidogo na mshale unapanda vilevile.

Nikairudia ile video, maana bado ninayo. Mkono wake unaonekana kwenye gia ya nne, na mita ya mizunguko ya injini inasoma 6,200 wakati mshale uko 180. Fundi wangu alikuwa ameshafungua giaboksi na kuhesabu meno: uwiano wa gia ya nne ni 0.97, wa difu (gia ya mwisho kabla ya magurudumu) ni 4.06. Zidisha hizo mbili, gawanya 6,200 kwa jibu, unapata gurudumu linazunguka mara 1,574 kwa dakika. Zidisha kwa mita 1.65, halafu dakika 60. Ni kilomita 156 kwa saa. Na ukichukua uwiano nilioupata barabarani, 87 kwa 100, ukaupigia kwenye 180, unapata 157. Njia mbili tofauti, jibu karibu lilelile. Hiyo ndiyo spidi ya kwenye video yake mwenyewe!

Nikampigia. Jibu lake la kwanza: "Mita zote hudanganya kidogo."

Ni kweli, na hapo ndipo hasira yangu ilipopanda zaidi. Ipo kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu mita za spidi. Inasema mshale usionyeshe kamwe chini ya mwendo halisi, ila juu unaruhusiwa kuzidi kwa asilimia 10 ya mwendo halisi na kilomita 4 juu yake. Yaani gari jipya lenye tairi zake sahihi, likienda 87 kweli, linaruhusiwa kukuonyesha hata 99. Watengenezaji wanaacha nafasi hiyo makusudi ili dereva asikamatwe wala asife kwa kuamini anaenda polepole. Sawa. Sasa wewe fundi unayejua kwamba mshale umetengenezwa uzidishe, na ukaufungia tairi fupi uzidishe tena, unautumiaje kunitoza milioni 3?

Jibu la pili: wepesi. Hili naliona kila wiki kwenye vikundi vyetu na linaniudhi, kwa sababu vijana wanang'oa mpaka milango wakitafuta spidi ya mwisho. Wepesi unakupa kuondoka haraka, kufunga breki karibu, kukata kona bila gari kukuvuta nje. Spidi ya mwisho inazuiwa na hewa, na hewa haikupimi kilo. Nguvu inayohitajika kuipasua inapanda kwa mchemraba wa mwendo: ukitaka mwendo mara mbili, tafuta nguvu mara 8. Tazameni Caterham za Uingereza, magari mepesi kuliko karibu yote. Seven 170 ina kilo 440 tu na nguvu ya farasi 84, na inaishia maili 105 kwa saa, kama kilomita 169. Seven 620R ina farasi 310, karibu mara 4, na inafika maili 155, kama kilomita 249. Nguvu mara 4 imeleta nusu ya mwendo zaidi, basi. Halafu mtu ananiambia Starlet yangu inafika 180 kwa sababu haina zulia!

Na kwenye vumbi la uwanja wetu wa mbio wa Busiika nani anafika hata 150? Kona inakuja kabla. Wangeniuzia gari kwa muda wa mzunguko mmoja uliopimwa kwa saa, ningelipa kwa furaha. Ni gari zuri kwenye kona, nalisema wazi, ninalipenda.

Kinachonitisha ni wale wanaofanya kinyume. Rafiki yangu alifunga tairi ndefu kwenye pikapu yake ili ipite matope, gereji haikumwambia neno. GPS ikisema 100, mshale wake unasema 92. Huyo anapita mbele ya shule akidhani yuko ndani ya kikomo. Fundi anayebadilisha saizi ya tairi bila kumwambia mteja mshale umehama kiasi gani anaweka watu hatarini, na sijali ni rafiki wa nani.

Nimemtaka muuzaji anirudishie milioni 3. Jumatatu aliahidi kupiga, hakupiga. Jana alikata simu. Video ninayo, namba za giaboksi ninazo, picha ya chaki ninayo, na Jumamosi naenda pale na mdogo wangu na fundi wangu.

Kama nawe umeuziwa gari kwa video ya aina hii, toka na chaki na futi kamba leo hii. Weka hapa chini saizi ya kibandikoni, saizi iliyofungwa, mzunguko uliopima, na GPS inasema nini mshale ukiwa 100. Jina la gereji usiliandike, namba zinatosha.