Mkonge wa Kikwetu unaweza kutoa tequila?

Mwana_Lindi: Wakuu, mkonge wa hapa Kikwetu, Lindi, na ule wa tequila, pombe kali ya Meksiko, si ndugu? Mbona hatupiki?

Mikindani_Kwetu: Ndugu ndiyo, ila si mmoja. Tequila ni agave ya buluu tu (mmea wa jamii ya mkonge), ya Jalisco na sehemu za majimbo mengine 4 ya Meksiko. Jina limelindwa kisheria tangu 1974. Wetu, ulioingia Tanga 1893, hulimwa kwa ajili ya majani.

Mtambo_wa_Shaba: Mali iko kwenye kiini, mkuu. Agave hukaa miaka 6 hadi 8, majani yote hukatwa, libaki bonge kama nanasi kubwa. Huokwa kwenye tanuri la matofali saa 24 hadi 48. Lisipoiva, sukari iliyofungamana haivunjiki na hamira inakosa chakula. Kisha husagwa, juisi huchachushwa, hukenekwa (huchemshwa na mvuke wake kupozwa) mara 2. Matone ya kwanza na ya mwisho hutengwa, la sivyo pombe inanuka. Na ukiuacha mmea ukatoa mlingoti wa maua, umechelewa: sukari imeliwa.

Mwana_Lindi: Shukrani mkuu. Na kununua?

Mikindani_Kwetu: Soma chupa: "100% de agave". Isipoandikwa, hadi 49% ya sukari yaweza kuwa ya miwa. Onja taratibu, bila chumvi wala ndimu; vinafunika ladha ya mmea.