Likizo ya Juni nyumbani: watoto wafanye nini?

Mama wa Wawili, Iringa: Wakubwa, shikamooni. Shule zimefungwa, na mwaka huu nauli ya kwenda kijijini imetushinda. Nina watoto wa miaka 7 na 11. Nifanye nini ili wafurahie likizo bila kushinda mbele ya televisheni?

Baba wa Makambako: Dada yangu, huku kwetu Juni ni baridi na mahindi yako ndani, kwa hiyo jioni tunakaa pamoja sebuleni, mtoto mmoja akisoma hadithi kwa sauti huku wengine wakipukuchua, na anayekosea neno hukabidhiwa hindi la kupukuchua, kitabu kikapita kwa mwenzake. (Jiko la mkaa libaki nje, tafadhali, hewa yake huua.)

Bibi wa Dodoma: Marahaba, mwanangu. Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, inayowakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto, Afrika Kusini, mwaka 1976. Mimi huwasimulia wajukuu habari hiyo, kisha wao hutunga kijitabu chao kwa kurasa zilizobaki katika madaftari ya muhula uliopita: mkubwa huandika, mdogo huchora.

Mama wa Wawili: Ahsanteni sana. Madaftari yapo, na gunia la mahindi lipo. Tunaanza leo jioni.