MREJESHO: Iyan bila kinu imekubali jamani

Wapendwa, mimi ndo yule niliyeuliza kama ile iyan ya Wayoruba wa Nigeria (viazi vikuu vilivyochemshwa na kutwangwa mpaka viwe kama ugali) inaweza kutoka bila kinu na mchi, maana tunakaa ghorofani London na jirani wa chini hana dogo. Asanteni wote, nimejaribu njia zote mbili.

Ya blenda: unamenya kiazi kikuu, unakata vipande vidogo, unasaga vikiwa vibichi na maji kiduchu, halafu unamimina kwenye sufuria moto mdogo unasonga na mwiko kama ugali mpaka ule weupe wa chokaa uishe na ianze kuvutika, unanyunyiza maji kidogo unafunika iive kwa mvuke unasonga tena. Haina mabonge, ila mkono utaujua, na kwa kweli inakuwa laini sana.

Mshindi ni mikisa ya kukandia unga. Chemsha viive kabisa, chuja ila yale maji usimwage, tia vipande vya MOTO kwenye bakuli, tumia kile chuma bapa cha mikisa sio ile ndoano ya mkate, anza taratibu uongeze spidi, ikikaza weka kijiko cha yale maji. Vikipoa tu mabonge hayatoki ng'o.

Na kiazi kikuu kiwe kile cheupe kikavu, madukani Peckham hapa London wanakiita puna, sio vile vya majimaji, havishikani hivyo.

Tumekula na egusi (mchuzi wa mbegu za jamii ya tikiti) ya mchicha, mume wangu kwao Ibadan, Nigeria, kaongeza mara mbili hajasema kitu. Aliyeuliza kuhusu unga wa iyan wa paketi, mi siutaki tena.