Naomba ushauri: pointi za kuanzia kwenye sataranji ya mtandaoni

Wadau, naomba ushauri. Nilipojiunga na Lichess, tovuti ya kucheza sataranji, wiki iliyopita, nilikuta nimeandikiwa pointi 1500 kabla sijasogeza hata kete moja; baada ya kufungwa michezo minne mfululizo nimeporomoka kwa mamia, na bado pembeni ya pointi zangu kuna alama ya kuuliza. Ninavyoelewa, mfumo wa kukokotoa pointi uitwao Glicko-2 humwanzisha kila mgeni hapo, kisha humpandisha na kumshusha kwa hatua kubwa hadi uwe na uhakika wa kiwango chake. Kwa kuwa kila kasi ya mchezo ina pointi zake, je, nitulie kwenye dakika 10 au nichague mirefu zaidi? Mpwa wangu anasema nifungue akaunti mpya, jambo ninaloliona ni kujidanganya.